Tumempa Jicho

Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza amgeukie mwanawe amhesabie anapepesa mara ngapi. Mama Bonge alihesabu. Jicho la kulia lilipepesa mara kumi na moja, la kushoto halikupepesa hata mara moja.

Ilikuwa saa nne asubuhi, nepi ziko kwenye kamba, jirani anafua huku redio yake inaongea peke yake, na mtoto yuko mapajani ananyonya kama kawaida. Miezi minane, mikono ina mikunjo utadhani imefungwa uzi. Shangazi yake ndiye aliyemwita Bonge siku ya tatu tangu azaliwe, na jina la kwenye cheti likasahaulika hapo hapo. Mama mtu alidhani labda usingizi unamjia. Akampulizia usoni taratibu, kama mtu anayepoza chai. Jicho la kulia likafumba. La kushoto likabaki wazi, kavu, na wala halikumtazama yeye, lilitazama mbali kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua upande wa pili wa barabara.

Akaweka kidole juu ya kope aishushe mwenyewe. Haikushuka. Na kidole kikarudi cha baridi, baridi ile ya kushika kitu kilichokaa kwenye friza.

Hapo akakumbuka picha.

Kazi yake ilikuwa picha, lakini si kupiga, ni kusafisha. Studio iliyokuwa mtaa wa pili ilimtumia kazi nyumbani tangu ajifungue, naye akazifanya kwenye kompyuta huku mtoto ananyonya. Chunusi anazitoa, kola zilizopinda anazinyoosha, na waliofumba macho taa ilipowaka anawafumbua. Hilo la macho lina neno lake pale studio. Wanasema: mpe jicho. Unakata jicho lake kutoka picha nyingine, unambandika, unalainisha kingo, na mama yake mzazi hatajua. Mpe jicho huyu wa pili kutoka kushoto. Bwana harusi mpe yote mawili, alikuwa amelewa. Na kila picha ambayo mtu kafumba na haina matumaini inafutwa papo hapo, haikai hata dakika, ndivyo walivyozoeshwa.

Sasa katika kukaa ndani huko, uchovu na upweke wa mwenye mtoto mchanga, alikuta kitu mtandaoni kikamteka. Kuna chombo kinaizunguka Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, na kila kikipita karibu kinapiga picha, na wenye chombo wanazimwaga zote hadharani bila kuzigusa, anayetaka achukue. Wanaziita picha mbichi. Chombo chenyewe kinajizungusha kama pia, kwa hiyo picha haiji nzima, inakuja vipande vyembamba vya kijivu kama riboni, kimoja cha kubeba rangi ya bluu, kimoja ya kijani, kimoja nyekundu, halafu tena na tena, na kila kipande kimepigwa baada ya mwenzake kidogo, sayari imeshasogea. Unakaa unavipanga na kuvioanisha, unafuta vitone vya mionzi, unaongeza rangi kidogo kidogo, mpaka yale majivu yanageuka mawingu ya amonia yaliyojisokota, meupe na ya chungwa na ya bluu, makubwa kuliko dunia nzima. Lilikuwapo kundi la watu wa kila mahali wanaofanya hivyo kwa kupenda tu, na wenyewe waliita kupika. Baba Bonge, fundi majokofu, aliwaambia wenzake kazini kwamba kaoa mke anayepika tangu asubuhi mpaka jioni na nyumbani wanalala njaa.

Alipika huku mapazia yamefungwa, mazito, ili jua lisimdanganye rangi za kwenye skrini. Chumba kilikuwa na giza saa sita mchana.

Siku nne kabla ya asubuhi ile alikuwa na picha za mahafali, watu arobaini na wawili mstari kwa mstari na kumi na tisa kati yao wamefumba. Aligawa macho asubuhi nzima, mpe jicho, mpe jicho, mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe. Alipomaliza akafungua Mshtarii apumzike. Upande wa kusini palikuwa na kimbunga kimoja cha mviringo, cheupe, na katikati yake mkunjo wa wingu umelala kama kope. Kilikuwa kimefumba. Wala hakufikiri. Mkono ukafanya ulichokuwa umefanya tangu asubuhi: akafungua picha ya Bonge ya miezi sita, ile nzuri aliyopigwa studio, akakata jicho la kushoto, akalipunguza, akalibandika, akalififisha mpaka likaonekana kama ni mawingu tu yamejipanga hivyo.

Bonge alikuwa mapajani. Mama akamwinamia sikioni.

"Tumpe jicho huyu?"

Mtoto akacheka, kicheko kile cha tumboni.

"Haya. Tumempa."

Akaituma kwenye kundi. Mpaka jioni watu sitini walikuwa wameshaichukua, wakasifia, kazi safi dada, mkono wako mwepesi.

Sasa asubuhi ile, na jicho lile limekauka mbele yake, aliyakumbuka yote hayo kwa pamoja, na bado akajiambia acha ujinga, mtoto kaumwa jicho, watoto wanaumwa macho. Mchana baba mtoto alipokuja kula, alisimama mlangoni hakuingia. Alinusa. Akauliza taratibu nani kamwaga amonia humu ndani. Mama Bonge alikuwa ameizoea, alidhani ni mkojo wa nepi, lakini mume alikuwa amefanya kazi kiwanda cha barafu miaka mitatu na harufu ile anaijua usingizini. Akavuta friji, akalala chini na tochi, akachunguza mabomba yote, huku machozi yanamtoka kwa ukali wa ile harufu.

"Friji hii haina amonia," alisema alipoinuka. "Hakuna friji ya nyumbani yenye amonia. Sijui inatoka wapi."

Wakaifuata kwa pua, wote wawili, chumba hadi chumba, kama watu wanaotafuta panya aliyekufa. Ilikuwa nzito zaidi kitandani kwa mtoto. Wakainama. Ilitoka kwenye jicho.

Kuanzia hapo Bonge hakulala. Si kwamba alilia, afadhali angelia. Jicho la kulia lilisinzia, likazama, likafumba, na la kushoto likabaki limekaza, na usingizi wenyewe ukashindwa kuingia nusu mtu, kwa hiyo mtoto anashtuka, anasinzia, anashtuka. Siku ya pili akaacha kunyonya vizuri. Ile mikunjo ya mikononi ikaanza kulegea. Na sauti ikaanza, kwanza kwenye chupa ya maziwa iliyokuwa mezani, uvumi mwembamba, kama upepo unapopita mdomoni mwa chupa, lakini madirisha yalikuwa yamefungwa na pazia halitikisiki, akaifunika chupa kizibo na uvumi ukahamia kwenye birika, akafunika birika ukahamia kwenye ndoo, akapita nyumba nzima akifunika na kugeuza kila kitu chenye mdomo, masufuria, vikombe, viatu vya mumewe, chombo cha maua, mpaka nyumba ikanyamaza kabisa, na katika kimya kile Bonge akafumbua kinywa ili alie, na kilichotoka ndani ya kinywa cha mtoto kilikuwa ni upepo ule ule.

Wifi yake ndiye aliyewapeleka hospitali, yaani dada wa mumewe, msusi, yule yule aliyempa mtoto jina. Mwanamke wa maneno mengi, na njiani alijitahidi kutania, akasema harufu hiyo ni ya dawa ya nywele, labda Bonge anataka kupakwa rangi kabla hata nywele hazijaota. Hakuna aliyecheka. Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alimshika Bonge kidevu, akagusa pembeni ya jicho, na akarudisha mkono haraka akaufuta kwenye koti. Akadondosha dawa tone moja. Tone halikuenea. Lilizunguka. Lilikwenda pembeni ya mboni likaizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, polepole, kama kitu kilichoshikwa na mkondo, na wote watatu waliliona. Daktari akaandika dawa ya kupaka. Akaeleza kwamba mshipa wa kope umekufa ganzi, jicho linakauka, ukungu mweupe umeshaanza, na jicho lisipofumba ndani ya siku mbili hivi litakuwa limekwenda, na hilo siyo linalomtisha zaidi. Linalomtisha ni jinsi mtoto anavyopungua uzito. Akamtazama mama usoni.

"Mtoto huyu lazima alale," alisema. "Fanyeni mfanyavyo, alale."

Mama Bonge aliporudi nyumbani hakufungua pazia wala hakukaa. Alifungua kompyuta amesimama, Bonge begani. Siku hiyo zilikuwa zimetoka picha mbichi mpya, chombo kilikuwa kimepita tena, na hizo hakuna mkono wa mtu uliozigusa, hajazipika yeye wala yeyote. Akateremka riboni kwa riboni, kijivu, kijivu, kijivu, mpaka kusini. Na kimbunga kilikuwepo, na hakikuwa kimefumba. Lilikuwa jicho la mwanawe, mboni yake, hata kile kidoa cheupe cha mwavuli wa taa ya studio kimo ndani yake, taa iliyowaka kwenye chumba kidogo mtaa wa pili, sasa inang'aa kwenye picha iliyopigwa kutoka mbali kusikosemeka. Akaona kwenye kipande cha bluu jicho linatazama pembeni. Kwenye cha kijani limesogea. Kwenye chekundu, kilichopigwa muda mfupi tu baadaye, lilikuwa linamtazama yeye.

Akafuta picha yake. Akaifuta kwenye kompyuta, kwenye simu, kwenye kundi. Halafu akaanza kuwaandikia watu, mmoja mmoja, nakuomba uifute ile picha, tafadhali dada, tafadhali kaka, ina kosa, na wakamjibu kwa upole kwamba haina kosa lolote ni nzuri, na mmoja akamwambia kwa furaha kwamba ameshaichapa ukubwa wa ukuta na kuitundika sebuleni, na kila mgeni anauliza mbona kama inamfuata. Alijibiwa na watu thelathini. Walioichukua walikuwa wameshafika mia nne na kitu, na waliowapa wenzao hawahesabiki.

Wifi mtu ndiye aliyesema kwanza lile neno ambalo wote walikuwa wanalizunguka. Alisema kwa sauti ya chini, huku anakunja nepi ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Wifi, hili si la hospitali. Twende tumwite bibi mkunga."

Bibi mkunga alikuwa amestaafu. Aliwapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, Bonge akiwa wa mwisho mwisho, na ilijulikana, ingawa hakuna aliyeisema kwa nguvu, kwamba ana kazi nyingine ya kuwatoa walioingia ndani ya watu. Alikuja adhuhuri na viatu vya plastiki, mkoba wa hospitali wa zamani, na miwani iliyogandishwa kwa gundi. Hakufukiza kitu wala hakuimba. Alitoa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mimba, akakiweka juu ya jicho la Bonge, akainama na sikio lake. Akasikiliza muda mrefu. Walimwona rangi inamtoka kwenye midomo.

"Bibi, unasikia nini?" baba Bonge aliuliza.

"Upepo." Hakuinua sikio. "Na watu ndani ya upepo. Wengine wananiita kwa jina."

Akakaa chini kwenye mkeka, akavua miwani, akataka aambiwe yote, na mama Bonge akayasema kwa mkupuo mmoja, mahafali, kimbunga, mkono uliokwenda wenyewe. Bibi alimkatiza mahali pamoja tu.

"Ulisemaje? Neno kwa neno."

"Nilisema tumpe jicho. Halafu nikasema tumempa."

"Na mtoto?"

"Alicheka."

Bibi akatikisa kichwa polepole. Akasema basi aliyeko huko hakuiba, alipewa, na mtoto mwenyewe akaridhia kwa kicheko. Mama Bonge akamshika magoti. Akamwambia mtoe, bibi, wewe ndiye unawatoa, mfukuze, nitafanya lolote. Na yule bibi akanyoosha kidole kwenye skrini, kwenye ile duara kubwa ya mawingu, akauliza kule kuna udongo. Akajibiwa hakuna, ni hewa na dhoruba tupu mpaka ndani kabisa. Akauliza kuna maji ya kunywa. Hakuna. Kuna mtu amewahi kufika. Hakuna, ni mashine tu.

"Mwanangu," alisema bibi mkunga, na sauti yake haikuwa ya mganga, ilikuwa ya mwanamke mzee aliyechoka, "miaka arobaini nikimtoa jini namwambia maneno yale yale niliyofundishwa, na aliyenifundisha alifundishwa hivyo hivyo. Namwambia nenda mbali, nenda kusikofika mtu, kusiko na udongo wa kukanyaga wala maji ya kunywa, ukakae huko. Na wanakwenda. Sikuwahi kuuliza ni wapi." Alikuwa bado anatazama skrini. "Nimfukuze wapi tena? Huko ndiko nilikokuwa nawapeleka."

Kwenye kona, ndani ya ndoo iliyogeuzwa, kitu kilivuma kidogo kikanyamaza.

Kilichobaki, bibi alisema, ni kimoja, na hakina uhakika. Aliyepewa hanyang'anywi, lakini jicho lililofunguliwa linaweza kufumbwa. Walifumbe kama walivyolifungua, kwa mashine ile ile, juu ya picha ile mpya, walibandike kope. Iwe kope ya Bonge mwenyewe, imefumba. Jicho la huko likifumba, la hapa litafumba.

Kazi ya dakika kumi. Mama Bonge karibu acheke kwa ahueni, akakimbilia mafaili yake, picha za mtoto, mia tisa na zaidi, Bonge anaoga, Bonge anatambaa, Bonge na wifi, Bonge na kofia ya baba. Akateremka. Akateremka. Hakukuwa na hata moja. Kila aliyofumba macho, alikuwa ameifuta siku ile ile, kwa mkono wa studio, bila kufikiri. Ile ya siku ya kuzaliwa, ambayo mtoto alikuwa amelala fofofo kwenye shuka la hospitali, ilikuwepo, lakini alikuwa ameshaifanyia kazi, ameshampa macho, na ile ya mwanzo hakuitunza. Wakapekua simu ya baba: majokofu na mabomba, na Bonge watano, wote macho makavu. Wakapekua ya wifi: misuko, misuko, na Bonge mmoja ametikisika hata pua haionekani. Wakajaribu kumpiga picha papo hapo, kope haikushuka hata kwa kidole. Mtoto alikuwa ameacha hata kushtuka, amelala tu mikononi mwa shangazi yake na jicho moja limezama na lingine limekodoa, kifua kinapanda haraka haraka kama cha ndege, na ukungu ule mweupe umeshafika nusu ya mboni.

"Damu yake," mama Bonge alisema. "Bibi, ikiwa damu yake? Kope yangu?"

Bibi mkunga akaitazama kope yake. Akasema inaweza kushika. Akasema kwa mwenye kope hajui itakuwaje, na hatamdanganya.

Mumewe akamvuta pembeni, karibu na mlango, wakabishana kwa kunong'ona, watu wazima wawili wanagombania kama watoto wanavyogombania kiti, iwekwe yangu, hapana yangu, mimi ni baba yake, mtoto ni wangu pia, wewe atakunyonyeshea nani. Mke akamjibu kwamba anajua, lakini neno lilitoka kinywani mwake, siyo kinywani mwa mwingine. Mume akatoa simu ampige picha. Tatu za kwanza zikatoka zimetikisika. Ya nne ikatoka sawa: mke wake, amechoka, kitambaa kimelegea kichwani, macho yamefumbwa.

Mama Bonge akakaa kwenye kompyuta. Akakata kope ya kushoto. Akaibandika kwenye kipande cha bluu, na uvumi ukapanda ndani ya ndoo zote na masufuria yote na chupa zote kwa pamoja, nyumba nzima ikawa kama imewekwa mdomoni na kitu kinachoipuliza. Akaibandika kwenye cha kijani, harufu ikawa kali hata wifi akatapika, na yeye anaendelea, machozi yanamwagika kwenye kibodi, analainisha kingo, anaoanisha, hawezi kukosea hata kitone kimoja kwa sababu akiacha upenyo hata wa unywele ni upenyo, na jicho la kwenye skrini linamtazama, linajua anachokifanya, linajaribu kusogea chini ya kope, na yeye analifuata, mkono ule ule uliomponza sasa unakwenda wenyewe tena, kipande chekundu, kingo ya juu, kingo ya chini, pembe ya ndani, na akaachia kipanya.

Kimya.

Nyuma yake wifi alitoa sauti ndogo. Jicho la Bonge lilikuwa linashuka, kidogo kidogo, kama mlango mzito. Likafumba. Mtoto akashusha pumzi ndefu, akageuza uso kwenye kifua cha shangazi yake, na akakoroma.

Baba Bonge alikaa sakafuni akalia kama mtu aliyefiwa. Bibi mkunga alikusanya mkoba wake. Na mama Bonge alipogeuka kuwatazama, wote waliona: kope yake ya kushoto ilikuwa imeshuka, na hata alipoivuta kwa vidole haikupanda. Akasema haidhuru. Akasema linalobaki linatosha kumwona mtoto. Na kweli wakati ule alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo, hata siku ya kujifungua.

Siku iliyofuata harufu haikuwepo. Bonge alilala, akaamka, akanyonya maziwa yote mawili, akalala tena, na ukungu wa kwenye mboni ukaanza kurudi nyuma. Saa nane mchana baba alikuwa kazini. Wifi, aliyekesha, alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kiti cha korido, ndala moja imemtoka mguuni. Mama Bonge alikuwa chumbani na mwanawe, amefungua mapazia yote, jua limejaa mpaka chini ya kitanda.

Ndipo kwenye jicho la mama lililofumba pakawaka kitu.

Kilikuwa kipande chembamba, cha kijivu, kimelala. Kikazimika. Kikaja kingine chini yake. Alidhani ni mishipa ya macho, uchovu, lakini vikaendelea, kipande baada ya kipande, na yeye alikuwa amepanga vipande vya namna ile mamia ya mara, akili ikaanza kuvioanisha kabla hajaiambia. Kamba, na nguo zinazoning'inia. Nepi. Zilikuwa nepi zake, kama zinavyoonwa na yule aliyepewa kope, kutoka nje, kutoka juu. Halafu mlango wa mbele. Halafu mlango ule ule, kwa ndani. Kila kipande kilikuwa kimepigwa baada ya mwenzake kidogo, na katika kile kidogo kitu kilikuwa kimesogea. Ukuta wa korido. Kiti. Mguu wa wifi uliolala, na ndala iliyoanguka sakafuni.

Hakupiga kelele, angemwamsha mtoto. Alimnyanyua Bonge taratibu, bado amelala, macho yote mawili yamefumba vizuri, akambana kifuani na kujikunyata juu yake kwenye kona, uso ukutani, mgongo ndio umebaki nje. Kwa jicho zima alitazama plasta ya ukuta. Kwa jicho lililofumba aliona shingo ya mwanamke, fundo la kitambaa, hereni ndogo, na juu ya bega lake kisogo cha mtoto kinachopanda na kushuka.

Kipande kilichofuata kilikuwa karibu zaidi.